Elimu kwa Umma: Jina la Tovuti na Akiba Yake

Mkazi wa kata anapotafuta matokeo ya mtihani wa mwanawe, fomu ya leseni ya biashara au tangazo la zabuni katika tovuti, huandika jina la tovuti hiyo na kusubiri. Ukurasa usipofunguka, kauli ya kwanza huwa ni kwamba mtandao unasumbua. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, zipo siku ambazo simu ina kifurushi, mnara unafanya kazi, na kompyuta yenye tovuti ile imewashwa kama kawaida, na bado ukurasa haupatikani. Kilichokosekana siku hiyo ni jina tu. Hakuna kompyuta iliyobaki ya kueleza kwamba tovuti ile iko wapi.

Somo la toleo hili linahusu kompyuta hizo zinazotunza majina, na desturi ya miaka mingi ambayo kwayo wataalamu na taasisi hutunziana nakala za majina bila malipo. Linaeleza pia kwa nini wema huo, ili uwe akiba ya kweli, hauna budi kwenda pamoja na mambo mawili: umbali na ukaguzi.

Jina, namba na anayeulizwa

Kila kompyuta iliyo katika intaneti hutambuliwa kwa anwani ya namba. Kwa kuwa binadamu hukumbuka majina kwa urahisi zaidi kuliko namba, kila taasisi hujisajilia jina, ambalo kitaalamu huitwa jina la kikoa. Kwa Tanzania majina hayo huishia na .tz: taasisi za Serikali hutumia .go.tz, shule hutumia .sc.tz, asasi zisizo za kiserikali hutumia .or.tz, na kampuni hutumia .co.tz. Daftari kuu la .tz kwa miaka mingi lilisimamiwa na tzNIC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 na iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam.

Namna jina linavyogeuzwa kuwa namba inafanana na safari ya mgeni anayemtafuta mtu kijijini. Mgeni huyo akifika wilayani, hakuna anayemjua mwenyeji wake, lakini huelekezwa kata. Ofisi ya kata humwelekeza kijijini, kijiji humwelekeza kitongojini, na balozi wa nyumba kumi ndiye anayemfikisha mlangoni. Katika intaneti, seva ya kampuni ya simu humfanyia mteja kazi ya mgeni huyo. Huanza kwa kuziuliza seva za mzizi, ambazo hazijui tovuti ya shule wala ya zahanati, ila zinajua nani anatunza .tz. Seva za .tz nazo huelekeza kwa seva inayotunza daftari la taasisi husika, na hiyo ndiyo inayotoa namba. Safari yote kwa kawaida hukamilika katika sehemu ndogo ya sekunde, na jibu huhifadhiwa kwa muda ili swali lilelile lisirudiwe kila mara.

Ikiwa balozi ndiye pekee anayeijua nyumba ile, naye amesafiri, nyumba itabaki mahali pake na mwenyeji atakuwa ndani, lakini mgeni hatafika. Hilo ndilo tatizo ambalo seva ya akiba imekusudiwa kulitatua.

Kutoka faili moja hadi seva mbili

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina yote ya mtandao uliotangulia intaneti yaliandikwa katika faili moja. Faili hilo lilitunzwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford iliyoko California, Marekani, katika kitengo kilichoongozwa na Bi. Elizabeth Feinler. Taasisi iliyotaka kuongeza kompyuta iliwasiliana na kitengo hicho, na kompyuta nyingine zote zililazimika kuchukua nakala mpya ya faili. Kompyuta zilipoongezeka, faili likawa kubwa, mabadiliko yakachelewa, na kituo kimoja kikabeba mzigo wa wote.

Mwaka 1983 mtaalamu Paul Mockapetris alichapisha mpango mpya wa kugawa daftari hilo, ili kila taasisi itunze majina yake yenyewe. Mpango huo uliandikwa upya mwaka 1987, na ndio unaotumika hadi leo. Ndani ya maandiko ya 1987 mlikuwa na sharti lililo wazi: kila daftari la majina lipatikane katika seva zisizopungua mbili. Waliouandika mfumo huo walijua tangu mwanzo kwamba kompyuta huzimika, umeme hukatika na nyaya hukatwa.

Sharti hilo lilileta swali la kivitendo. Chuo au ofisi yenye kompyuta moja tu ingepata wapi ya pili? Jibu lililozoeleka lilikuwa jepesi: ombeni wenzenu wawatunzie nakala, nanyi mtunze ya kwao.

Seva ya akiba inavyofanya kazi

Mwenye jina huandika mabadiliko katika seva moja, inayoitwa seva kuu. Kila daftari lina namba ya toleo. Wasimamizi wengi huiunda kwa tarehe: namba 2025030401, kwa mfano, humaanisha mabadiliko ya kwanza ya tarehe 4 Machi 2025. Kila baada ya muda uliopangwa, seva ya akiba huiuliza seva kuu namba ya toleo lake. Ikiwa ni ileile, hakuna kinachofanyika. Ikiwa imeongezeka, seva ya akiba huchukua nakala mpya. Tangu mwaka 1996 upo pia utaratibu wa seva kuu kuzitaarifu nyenzake mara tu daftari linapobadilika, ili zisisubiri zamu yao ya kuuliza.

Seva kuu isipopatikana, seva ya akiba huendelea kutoa majibu kwa nakala iliyonayo, huku ikijaribu tena na tena kuwasiliana nayo. Haiendelei hivyo milele. Daftari lenyewe hutaja muda wa ukomo, ambao ukipita bila mawasiliano, seva ya akiba huacha kujibu kuhusu jina hilo ili isitoe taarifa zilizopitwa na wakati. Mwongozo wa kitaalamu wa mwaka 1996 ulipendekeza ukomo wa kati ya wiki mbili na wiki nne. Kwa hiyo, seva kuu ikipigwa na radi siku ya Jumatatu na ukomo ni siku 14, jina litaendelea kupatikana mpaka Jumatatu ya pili baada ya hapo. Fundi ana wiki mbili za kutengeneza. Ukomo ukiwa ni siku moja, ana siku moja tu.

Mambo mawili hayana budi kueleweka hapa. La kwanza, seva ya akiba haifanani na tairi la akiba linalokaa nyuma ya gari likisubiri pancha. Maswali ya watu hugawanywa kwa seva zote zilizoorodheshwa, na seva ya akiba hujibu kila siku sawa na seva kuu. La pili, akiba ya jina si akiba ya tovuti. Kompyuta yenye kurasa zenyewe ikiungua, seva ya majina itaendelea kuelekeza watu kwenye nyumba iliyoteketea. Nakala za kurasa na kumbukumbu za taasisi huhitaji mpango wake tofauti.

Msaragambo wa wataalamu

Wananchi wanaujua msaragambo: leo wote wako kwenye darasa la kitongoji hiki, kesho kwenye kisima cha kitongoji kile. Utunzaji wa majina katika intaneti ulijengwa kwa moyo huohuo, na Afrika Mashariki ilinufaika nao mapema.

Jina la Kenya, .ke, lilisajiliwa mwaka 1993, kabla nchi hiyo haijapata huduma kamili ya intaneti. Dkt. Shem Ochuodho alikuwa msimamizi wake nchini, na mtaalamu wa Marekani Randy Bush alibeba jukumu la kiufundi kwa kujitolea. Hali hiyo iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, jukumu lilipokabidhiwa kwa taasisi ya Kenya yenyewe, KeNIC. Bwana Bush ni miongoni mwa waanzilishi wa kituo kinachojulikana kwa kifupi kama NSRC, katika Chuo Kikuu cha Oregon, ambacho kwa miongo kadhaa kimesaidia kuanzisha mitandao na kufundisha mafundi katika nchi nyingi za Afrika. Umuhimu wa msaada huo haukuwa katika mashine pekee. Seva ilitunzwa mbali kwa muda, na wakati huohuo wenyeji walifundishwa ili siku ya makabidhiano ifike.

Mfano mkubwa zaidi ni seva za mzizi zenyewe. Zinatambulika kwa herufi 13, kuanzia A hadi M, na huendeshwa na taasisi 12 zinazojitegemea, wakiwemo Chuo Kikuu cha Maryland cha Marekani, mradi wa WIDE wa Japani, Netnod ya Sweden na RIPE NCC yenye makao yake Amsterdam. Hakuna mwananchi wala kampuni inayotozwa ada kwa kuuliza seva hizo. Kila herufi ina nakala nyingi zilizosambazwa, na kwa jumla zimepita 1,500 duniani, zikiwemo zilizowekwa Nairobi na Dar es Salaam.

Zipo pia taasisi zinazotunza nakala kwa ajili ya wengine. AFRINIC, inayogawa anwani za intaneti barani Afrika na yenye makao yake Mauritius, imekuwa na mpango wa kuwapa wasimamizi wa majina ya nchi za Afrika seva za akiba bila malipo. Shirika la ISC la Marekani, watengenezaji wa programu ya bure ya BIND inayotumika katika seva nyingi za majina, kwa miaka mingi lilitoa huduma ya namna hiyo kwa taasisi zenye manufaa kwa umma.

Umbali ndio akiba

Sharti la seva mbili ni rahisi kulitimiza kwa maandishi na kulikosa kwa vitendo. Taasisi huweza kununua kompyuta mbili, ikaziweka juu ya meza moja, zikatumia soketi moja ya umeme na ruta moja, kisha ikaandika kwamba sharti limetimizwa. Umeme ukikatika, zote mbili huzimika kwa pamoja.

Kosa la aina hiyo limewahi kuikumba hata kampuni kubwa. Mwezi Januari 2001 tovuti za Microsoft hazikupatikana kwa takribani siku nzima. Kampuni hiyo ilikuwa na seva nne za majina, idadi inayozidi sharti mara mbili, lakini zote zilikuwa katika sehemu moja ya mtandao wake. Mabadiliko yaliyokosewa kwenye ruta yalizikata zote. Kompyuta zenye tovuti zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni wa kueleza zilipo. Baada ya tukio hilo kampuni ilipanga seva za akiba nje ya mtandao wake.

Mwongozo uliotolewa miaka minne kabla ya tukio hilo, mwaka 1997, ulikuwa umekwisha kutahadharisha. Ulipendekeza kwamba taasisi nyingi ziwe na seva tatu, na angalau moja iwe mbali kabisa na nyingine. Umbali huo haupimwi kwa kilomita peke yake. Seva mbili zilizo mikoa tofauti lakini zinazotegemea mtoa huduma mmoja na njia moja ya mawasiliano bado ziko karibu.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki jambo hili lilipata sura halisi tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ya intaneti ilizorota katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Katika hali kama hiyo, taasisi ambayo seva zake zote za majina ziko Ulaya hujikuta katika hali ya ajabu. Tovuti yake yaweza kuwa katika kompyuta iliyo Dodoma na mwananchi anayeitafuta akawa Morogoro, lakini swali la jina lazima livuke bahari ambako njia imefungwa. Kinyume chake nacho ni kweli. Taasisi yenye seva zote ndani ya nchi hubaki ikionekana kwa wenyeji, lakini mfadhili, mnunuzi wa kahawa au ndugu aliye ng'ambo hawezi kuipata.

Ndiyo maana utunzaji wa kubadilishana una thamani ambayo fedha peke yake hainunui. Rafiki aliye mbali, anayetumia umeme mwingine, mtoa huduma mwingine na njia nyingine ya mawasiliano, ni akiba bora kuliko kompyuta mpya iliyowekwa chumba kilekile.

Wema unaohitaji kukaguliwa

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya majina huoza, tena kimyakimya. Aliyejitolea huhama kazi, kompyuta yake huzimwa, ofisi yake hubadili mtoa huduma, na mwenye jina haambiwi. Jina la seva ile hubaki katika orodha. Kwa kuwa seva nyingine zinaendelea kujibu, hakuna anayegundua, isipokuwa kwamba baadhi ya watu huona ukurasa unachelewa kidogo kwa sababu swali lao lilianza kwa seva isiyojibu. Kasoro hujulikana siku ambayo seva kuu inazimika na wa kuipokea hayupo.

Hatari ya pili inahusu uaminifu. Anayetunza nakala hujibu kwa niaba ya mwenye jina. Seva yake ikivamiwa na wahalifu, jibu laweza kubadilishwa, na mwananchi akapelekwa kwenye ukurasa wa kughushi unaofanana na halisi, akaweka humo namba yake ya siri. Kinga iliyopo ni muhuri wa kidijitali unaoitwa DNSSEC, ambao tangu mwaka 2010 unatumika hadi katika mzizi wa mfumo mzima. Daftari likipigwa muhuri huo, aliyejitolea anaweza kulisambaza lakini hawezi kulibadilisha bila kugundulika na seva zinazokagua muhuri.

Hatari ya tatu humhusu anayejitolea mwenyewe. Jina analolitunza likishambuliwa kwa mafuriko ya maswali bandia, mafuriko hayo hufika pia kwake na yaweza kuzidi uwezo wa mtandao wake. Kwa sababu hiyo makubaliano hayapaswi kuishia kwenye kupeana mikono. Yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja: nani anatunza jina gani, anapatikana kwa simu gani, na atatoa taarifa muda gani kabla ya kuacha.

Vikundi na taasisi za kata zifanye nini

Shule, vyama vya ushirika, SACCOS na vikundi vya maendeleo vyenye majina yao mtandaoni havihitaji kuwa na mtaalamu wa kudumu ili kulinda majina hayo. Inatosha uongozi kumuuliza fundi au mtoa huduma maswali yafuatayo, na kuhifadhi majibu katika jalada la ofisi.

1. Jina limesajiliwa kwa niaba ya nani? Liwe la taasisi, si la kijana aliyetengeneza tovuti, na tarehe ya kulipia upya ijulikane na zaidi ya mtu mmoja. Jina lisilolipiwa huondolewa, na hapo hakuna seva ya akiba inayosaidia.

2. Seva za majina ni ngapi, na kila moja iko wapi? Jibu la kuridhisha hutaja angalau moja iliyo ndani ya nchi na moja iliyo nje, zikitumia watoa huduma tofauti.

3. Je, seva zote zina namba ileile ya toleo? Fundi anaweza kuuliza kila seva kwa programu ya nslookup, iliyomo katika kompyuta nyingi. Namba zikitofautiana kwa siku kadhaa, nakala imeacha kuchukuliwa. Seva isiyojibu irekebishwe au iondolewe katika orodha. Ukaguzi huu huchukua dakika chache na unafaa kufanyika kila mwezi.

4. Muda wa ukomo ni siku ngapi? Usipungue muda ambao taasisi ingehitaji kutengeneza seva kuu.

5. Nani ataitwa ikitokea hitilafu usiku au siku ya sikukuu?

Taasisi zenye fundi na kompyuta inayowaka saa 24 zinaweza kwenda hatua moja mbele kwa kubadilishana nafasi. Shule iliyo Kanda ya Ziwa na nyingine iliyo pwani, kila moja ikiwa na mtoa huduma wake, zikitunziana madaftari ya majina, zote hupata akiba ya mbali kwa gharama ndogo. Daftari la majina la shule huwa dogo sana, na kompyuta ya kawaida yenye anwani isiyobadilika huweza kuyatunza mengi.

Kazi hii haina uzinduzi wala utepe wa kukatwa, na ikifanyika vizuri hakuna atakayeiona. Mzazi atafungua ukurasa wa matokeo, mkulima atasoma bei ya mazao, na mgonjwa atapata namba ya simu ya kituo cha afya, bila yeyote kati yao kujua kwamba siku hiyo seva kuu ilikuwa imezimika tangu alfajiri na swali lake lilijibiwa na kompyuta ya rafiki aliye mbali.